Friji inasumbua, jiko limechoka: utengeneze au ununue jipya?

Mwezi haupiti bila mtu kuniuliza: "Friji yetu ina miaka 12, niitengeneze au niiuze?" Leo ni shangazi, kesho jirani, keshokutwa kijana anayeanza maisha ambaye mama yake amempa jiko la gesi la zamani. Wote wanaanza na umri wa chombo. Umri usikutishe. Nimeona friji ya miaka 18 ikigandisha samaki vizuri, na nimeona ya miaka minne ikimaliza uniti za LUKU huku maziwa yanachacha ndani yake.

Jiulize hivi, na kwa mpangilio huu. Chombo hiki ni hatari? Nikikitengeneza, ugonjwa wenyewe utaondoka au utafichwa tu? Kinanigharimu kiasi gani kila siku kinapowaka? Ukirukia swali la hela kabla ya lile la hatari, unaweza kuokoa shilingi ukachoma nyumba.

Nitakaa zaidi kwenye jiko la gesi na friji, maana huko ndiko kwenye hatari kubwa na hela nyingi. Blenda, birika na vingine nitavipitia haraka.

Andaa hivi kwanza

- Tochi, hata ya simu.
- Kipimajoto cha kuzamisha kwenye maji. Kile cha kupimia homa hakifai.
- Sabuni ya maji na sponji.
- Kitambaa, brashi laini na maji ya moto.
- Mita yako ya LUKU na risiti ya manunuzi ya umeme. Walioko Kenya watumie mita yao ya tokeni, kazi ni ile ile.
- Daftari na kalamu. Usitegemee kichwa.

Jipe siku mbili. Uamuzi wa kununua friji hauamuliwi dukani.

Hatua ya 1: Kagua hatari, kuanzia kwenye gesi

Zima jiko, fungua madirisha, kisha ushike mpira wa gesi kwa mkono wako mwenyewe kuanzia kwenye regulata mpaka nyuma ya jiko. Ukunje kidogo huku unaangalia. Mpira mzima unakunjika bila kuonyesha chochote. Uliochoka unafungua nyufa ndogondogo kama kisigino kilichokauka, au umekuwa mgumu kama bomba la plastiki. Mipira mingi imepigwa chapa ya mwaka wa kutengenezwa, utafute. Mimi nabadilisha mpira kila baada ya miaka 5 hata kama unaonekana mzima, na regulata ikifika miaka 10 naiondoa. Ukikaa Tanga, Mombasa, Unguja au popote penye upepo wa chumvi, usisubiri miaka hiyo. Kutu ikianza kwenye regulata, badilisha.

Sasa pima uvujaji. Koroga sabuni na maji mpaka pawe na povu zito. Fungua gesi kwenye mtungi huku swichi za jiko zimezimwa, kisha paka povu kwenye shingo ya mtungi, kwenye regulata, kwenye vibanio vya pande zote mbili na urefu wote wa mpira. Vipovu vikikua vyenyewe, hapo panavuja. Funga mtungi. Mwenye mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake hana mpira mrefu, lakini ana kimpira kidogo pale kichomeo kinapoingia kwenye mtungi. Hicho nacho hukauka, paka povu hapo pia.

*Onyo:* Usipime kwa kiberiti. Kuna watu bado wanafanya hivyo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatulia chini sakafuni na kuingia chini ya kabati, na unaweza usiisikie vizuri ukiwa umesimama. Ukinusa gesi, usiwashe taa wala kuzima. Funga mtungi, fungua milango, toa watu nje.

Mpira na regulata vinabadilishwa bila kubadilisha jiko. Jiko lenyewe linaondoka pale swichi inapovujisha gesi ikiwa imezimwa, moto unapotokea chini karibu na swichi badala ya kwenye kichomeo, au bati la chini limeliwa na kutu mpaka kichomeo kinayumba. Kitufe cha kuwashia kikifa, hiyo si sababu. Angalia betri kama jiko lina betri, au tumia kiberiti jiko liendelee na kazi.

Upande wa umeme, hatari ni kusisimka. Ukigusa mlango wa friji au bati la oveni ukasikia umeme unakutekenya, chomoa. Usizoee. Watu wengi husema "friji yetu ina shoti kidogo" kama vile ni tabia yake. Lakini pia usikimbilie kuitupa, kwa sababu mara nyingi kosa liko ukutani: soketi haina waya wa ardhi, au mmeingiza plagi ya miti miwili kwa kusukuma kijiti au kalamu kwenye tundu la juu. Lile tundu ndilo la waya wa ardhi. Plagi ya namna hiyo inafanya friji iwake bila kinga yoyote, na siku waya wa ndani ukigusa bati, mtoto aliyetoka kuoga ndiye atakayeugusa mlango. Fundi umeme arekebishe soketi na aweke plagi ya miti mitatu. Ikiendelea kusisimua baada ya hapo, kosa liko ndani ya chombo.

Hatua ya 2: Safisha kabla ya kulaumu

Vyombo vingi vinavyoitwa vibovu ni vichafu tu. Jiko lenye moto wa njano unaopaka sufuria masizi, kwa mfano, mara nyingi vichomeo vyake vimejaa mabaki ya maziwa na maharage. Vitoe vikiwa vimepoa, viloweke kwenye maji ya moto na sabuni, visugue, vikauke kabisa, urudishe. Moto unapaswa kuwa wa buluu. Kile kitundu kidogo kinachotoa gesi kisafishwe kwa brashi. Ukikichokoa na sindano nene utakipanua, na hapo jiko litakula gesi kuliko zamani.

Friji ivutwe kutoka ukutani. Nyuma utakuta wavu wa mabomba meusi, nao ndio unaotoa joto nje. Ukiwa na blanketi la vumbi, kompresa, ile mota inayosukuma gesi ndani ya mabomba, itafanya kazi mchana na usiku bila kupumzika. Chomoa friji, futa kwa brashi laini, kisha uirudishe ukiacha nafasi ya kama sentimita 10 nyuma yake. Friji nyingine zimefichiwa mabomba hayo ndani ya kuta za pembeni, ndiyo maana ubavu wake huwa na joto. Hizo usizibane na kabati wala kuzifunika vitambaa vya mapambo. Na friji isikae karibu na jiko, wala pale jua la saa 10 jioni linapoipiga.

Kisha mpira wa mlango. Usiku, washa tochi ya simu, iweke ndani ya friji ikielekea mlangoni, funga mlango, zima taa ya jikoni. Zunguka polepole, macho yawe karibu na ukingo. Friji yangu nilikuwa nimeshampata na mteja wa kuinunua, nikafanya jaribio hili kwa mara ya kwanza, nikaona uzi mwembamba wa mwanga kwenye kona ya chini upande wa bawaba. Urefu wake haukuzidi kidole. Hapo ndipo joto la Dar lilipokuwa linaingia usiku na mchana. Niliukanda mpira kwa kitambaa cha maji ya moto mpaka ukalainika, nikaunyoosha, nikafunga mlango na kuubana kwa kiti mpaka asubuhi. Ulishika kwa miezi kadhaa, baadaye nikanunua mpira mpya. Friji ile bado ninayo.

Hatua ya 3: Pima ubaridi

Weka glasi ya maji katikati ya friji, iache usiku kucha, asubuhi zamisha kipimajoto kabla familia haijaanza kufungua mlango. Inatakiwa nyuzi 4 au chini ya hapo. Friza inatakiwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Ukipata nyuzi 8 au 9 baada ya kusafisha na kuweka swichi ya ubaridi mahali pake, friji ina ugonjwa, na chakula chako kinalala mahali ambapo vijidudu vinazaliana. Nyama na maziwa ya watoto visikae humo huku mnajadiliana.

Hatua ya 4: Pima uniti inazokula

Hatua hii watu huiruka, nami nakuomba usiiruke.

Saa 4 usiku zima kila kitu isipokuwa friji: taa, televisheni, chaja, feni kama mnaweza kuvumilia. Soma uniti zilizobaki kwenye mita, andika. Saa 12 asubuhi, kabla hujawasha chochote, soma tena. Tofauti ndiyo iliyoliwa na friji kwa saa 8. Zidisha mara 3 upate siku nzima. Mchana huwa inakula zaidi, kwa sababu kuna joto na mlango unafunguliwa, kwa hiyo hesabu yako iko upande wa chini.

Kisha tafuta bei yako ya uniti moja: gawa hela kwa uniti ulizopata. Kwa Tanzania, usitumie risiti ya kwanza ya mwezi, kwa maana hiyo hukatwa kodi ya jengo. Kwenye tarifa (kiwango cha bei ya umeme) ya kawaida ya nyumbani, uniti moja pamoja na kodi zake imekuwa karibu shilingi 356, ndiyo maana shilingi 10,000 huleta uniti 28.

Mfano. Mita ilisoma 61.4 usiku na 60.6 asubuhi. Imekula 0.8 kwa saa 8, yaani 2.4 kwa siku. Friji mpya ya ukubwa ule ule imeandikwa kwenye lebo uniti (kWh) 292 kwa mwaka, ambayo ni 0.8 kwa siku. Lebo haijui joto la jikoni kwako, mimi huongeza robo: 1.0 kwa siku. Tofauti ni uniti 1.4 kila siku, ambazo kwa mwaka ni uniti 511, karibu shilingi 182,000. Kama friji hiyo ni shilingi 650,000, itajilipa kwa miaka mitatu na nusu hivi.

Mwenye tarifa ndogo, ile ya uniti 75 kwa mwezi, aangalie jambo jingine. Uniti 2.4 kwa siku ni 72 kwa mwezi. Friji peke yake imemaliza mgao wa bei nafuu, na taa, pasi na televisheni vinamsukuma kwenye bei ya juu. Kwake friji inayokula inaumiza kuliko hesabu ya juu inavyoonyesha.

Hatua ya 5: Muulize fundi sababu, siyo bei tu

Ukiwa na nyuzi zako na uniti zako kwenye daftari, sasa mwite fundi. Akisema gesi imeisha, simama hapo hapo.

Gesi ya friji haiishi. Siyo kama ya jiko. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, miaka nenda miaka rudi, ile ile. Ikipungua, kuna mahali imetokea. Fundi anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia miezi michache ya ubaridi.

Friji ya mama yangu kule Tanga ilijazwa gesi mara tatu ndani ya miaka miwili. Mara ya tatu nilikuwepo, nikauliza gesi inakwenda wapi, sikujibiwa. Tukamtafuta fundi mwingine. Huyu aliyeyusha barafu yote, akapaka povu la sabuni ndani ya friza, akaniita nione: mkwaruzo mfupi kama kucha, na vipovu vidogo vinachemka juu yake taratibu. Ulikuwa ni mkwaruzo wa kisu. Kila mwezi barafu ikijaa, mtu alikuwa anaichokoa kwa kisu ili samaki watoke. Hela ya kujaza mara zile tatu ilikuwa inakaribia nusu ya friji mpya, na sehemu yenyewe iliyotobolewa ilikuwa haijaguswa.

Kwa hiyo muulize fundi: Panavuja wapi? Utanionyesha? Utaweka gesi aina gani? Aina imeandikwa kwenye kibandiko, nyuma karibu na kompresa au ndani ya friji. R134a na R600a ndizo utakazokutana nazo zaidi, na kila moja ina mafuta yake ya kompresa, hazibadilishwi kiholela. R600a inashika moto. Fundi asichomelee bomba gesi ikiwa bado imo. Kibandiko kikisema R12, umefika mwisho wa safari. Hiyo ni kati ya gesi zilizoharibu tabaka la ozoni, uzalishaji wake umesimamishwa chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987, na usikubali friji hiyo ijazwe gesi ya kubahatisha.

Hatua ya 6: Amua

Tengeneza ikiwa kilichokufa ni mpira wa mlango, themostati, kile kidude cha kuwashia kompresa, feni, taa au waya. Hizi ni spea za kawaida na friji inabaki na maisha yake.

Badilisha ikiwa matengenezo yanazidi nusu ya bei ya chombo kipya cha ukubwa ule ule, na umeshahesabu matengenezo ya miaka miwili iliyopita. Badilisha friji ikiwa kompresa imekufa na mabomba tayari yana kutu. Badilisha ikiwa tundu liko ndani ya kuta, mahali ambapo haliwezi kufikiwa bila kuvunja.

Katikati ya hapo ndipo daftari linapoamua. Friji inayokula uniti 1.2 kwa siku na matengenezo ni robo ya bei, mimi nitatengeneza bila kufikiri mara mbili. Ikila 2.4 hata baada ya kusafishwa na kuwekwa mpira mpya, naanza kuweka akiba ya nyingine.

Hatua ya 7: Ukinunua, usirudie kosa

Nunua ukubwa wa familia yako. Soma lebo ya uniti kwa mwaka kabla ya kusoma rangi. Uliza spea na fundi wa waranti wako wapi.

Ukinunua mtumba, usikubali kuonyeshwa friji iliyokwisha kuwashwa na kupoa. Uikute haijawashwa na haina ubaridi ndani, iwashwe mbele yako, ukae saa moja. Angalia kibandiko cha gesi, mpira, kutu nyuma. Friji ya uniti 2 kwa siku iliyouzwa nusu bei si ya nusu bei.

Siku hiyo hiyo nunua friji gadi. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, kompresa inalazimishwa kuanza wakati mgandamizo ndani bado uko juu, na hapo ndipo nyingi huungulia. Gadi inasubiri dakika chache, na inakata umeme ukiwa mdogo mno au mkubwa mno. Friji iliyosafirishwa ikiwa imelala isimame wima saa kadhaa kabla ya kuwashwa.

Ya zamani ukiitoa kwa watu wa chuma chakavu au ukiiweka uani, ng'oa mlango kwanza. Mtoto akijificha humo akicheza kibemasa na mlango ukajifunga, hawezi kuufungua kwa ndani wala hamtamsikia.

Vyombo vidogo, kwa haraka

*Blenda* inayozunguka chini lakini visu havisogei imekatika kile kimpira cha kuunganisha jagi na mota. Ni spea rahisi. Inayotoa harufu ya kuungua na cheche nyingi, iage.

*Birika la umeme* lenye gamba jeupe ndani halijafa, hasa kwa wanaotumia maji ya kisima. Chemsha maji na ndimu au siki, liache lipoe humo, sugua. Plagi ikiyeyuka au maji yakivuja kuelekea kwenye kitako cha umeme, litupe leo.

*Presha kuka*: mpira wa mfuniko hubadilishwa. Mfuniko unaofunguka mvuke ukiwa bado ndani haujadiliwi, chombo kiondoke.

*Maikrowevu* isiyofunga mlango vizuri, au inayotoa cheche ndani hata baada ya kusafishwa, isitumike. Na usiifungue mwenyewe hata ikiwa imechomolewa: ndani kuna kapasita inayohifadhi umeme wa maelfu ya volti.

Ikigoma: mambo ninayoulizwa zaidi

*Friza inagandisha lakini chini hakuna ubaridi.* Kwenye friji zisizojaza barafu, njia ya hewa imeziba kwa barafu au feni ya ndani imekufa. Izime siku nzima, milango wazi. Ikipona kwa wiki moja kisha ikarudia, mfumo wa kuyeyusha barafu umekufa, nao unatengenezeka.

*Kompresa inagonga "tak", inanyamaza, baada ya dakika inagonga tena.* Pima umeme kwanza. Ukiwa mdogo, haitaanza. Umeme ukiwa sawa, fundi aangalie kile kidude cha kuwashia kabla ya kuihukumu kompresa.

*Inanguruma bila kupumzika.* Rudi hatua ya 2. Mpira, vumbi, nafasi, na sufuria ya maharage ya moto iliyoingizwa ndani.

*Uniti zinaisha lakini friji imepimwa iko sawa.* Rudia jaribio la usiku huku friji nayo imechomolewa. Mita ikiendelea kushuka, tafuta hita ya maji, pampu, au waya wa jirani.

*Nimebadilisha mpira wa gesi, bado nanusa.* Paka povu tena kwenye vibanio. Kibanio kilicholegea ndicho kosa la kwanza baada ya kubadilisha mpira. Vikiwa vimekaza na povu limetulia, huenda harufu inatoka kwenye swichi za jiko. Funga mtungi, upike kwingine mpaka fundi afike.